Picha ya zamani ukutani: maelezo kiasi gani yanatosha?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari mkoani Tanga. Tunaandaa maonyesho ya picha za zamani ambazo familia za mji huu zimetuazima: picha za harusi, za studio, za bandari na za mashamba ya mkonge, pamoja na chache za wakati wa Wajerumani. Mwenzangu anayefundisha sanaa anashikilia kwamba picha nzuri hujieleza yenyewe, na kwamba tukibandika karatasi za maelezo kila mahali watu watasoma badala ya kutazama. Mimi naona kinyume chake, ila sijui mpaka uwe wapi. Kuna picha moja hasa inayotutatiza: wanaume kadhaa wamefungwa mnyororo mmoja shingoni, na nyuma yake mtu ameandika kwa kalamu "Watumwa, Tanga". Je, picha inahitaji maelezo kiasi gani ili iwe na maana?

JIBU: Mwalimu, nianze kwa kumtetea kidogo mwenzako wa sanaa, kwa sababu hoja yake ina ukweli ambao walimu wa historia na sisi watu wa nyaraka huwa tunausahau. Mtu akisimama mbele ya picha ya bibi harusi wa miaka ya 1950, jicho lake hupokea kwa mkupuo mambo ambayo maneno yangeyafikisha kwa kuchelewa na kwa upungufu: namna nguo ilivyoangukia begani, mkao wa mikono, uso wa mtu asiyeizoea kamera. Ukibandika kando yake karatasi yenye aya tatu, watazamaji wengi wataanza na karatasi, kisha wataitupia picha jicho mara moja ili kuhakikisha walichokwisha kukisoma. Hapo mwenzako yuko sahihi, na suala la mahali pa kuweka maneno nitalishughulikia kabla sijamaliza.

Anapokosea ni pale anapodhani kwamba kuonekana na kueleweka ni jambo moja. Kamera hunasa mwonekano wa watu na vitu mahali fulani kwa sehemu ndogo ya sekunde. Jina la mtu haliingii humo, wala sababu ya yeye kuwa pale, wala kilichotangulia na kilichofuata, wala kama jambo lile lilikuwa la kila siku au lilitokea mara hiyo tu. Hayo yote huletwa na mtu: mpigapicha, mwenye picha, mwandishi wa maelezo, au mtazamaji mwenyewe kutoka katika kumbukumbu na dhana zake. Picha iliyotundikwa bila neno lolote haikosi maana. Hupewa maana na kila apitaye, kwa kadiri ya alichokuja nacho. Kwa hiyo kabla ya kuuliza picha inahitaji maneno mangapi, mimi ningeuliza tunataka itoe ushahidi wa jambo gani, kwa sababu dai linapokuwa zito ndipo na deni la maelezo linapokuwa kubwa. Picha ya jahazi lililotia nanga, ikiwa imewekwa ili watu wafurahie umbo la tanga lake, haidaiwi kitu zaidi ya mahali na wakati. Picha hiyohiyo ikiwekwa kuthibitisha kwamba bandari ya Tanga ilifanya biashara na Maskati katika mwaka fulani, basi inadaiwa jina la chombo, tarehe, na chanzo cha taarifa hizo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua unatoka Kongo. Tarehe 14 Mei 1904, katika kituo cha misheni cha Baringa, ndani ya nchi iliyokuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, mmisionari Mwingereza aliyeitwa Alice Seeley Harris alimpiga picha mwanamume mmoja jina lake Nsala. Ukiitazama bila kuambiwa lolote, unaona mtu aliyeketi ukingoni mwa baraza, kamera ikimchukua ubavuni, ametulia, anatazama vitu viwili vidogo vilivyowekwa mbele yake. Kwa nyuma wapo watu wengine na mimea. Hakuna silaha, hakuna askari, hakuna anayelia, na mtazamaji mwenye haraka anaweza kuipita akidhani ni mtu anayepumzika. Maelezo ndiyo yanayotuambia kwamba vitu vile viwili ni kiganja na mguu wa binti yake Boali, mtoto wa miaka mitano hivi, aliyeuawa na walinzi wa ABIR, kampuni iliyovunisha utomvu wa mpira, walipokishambulia kijiji chao, na kwamba baba yake aliyachukua mabaki hayo yakiwa yamefungwa kwenye majani akayapeleka misheni ili yaonekane kwa macho.

Angalia, Mwalimu, ni maneno machache kiasi gani yaliyohitajika. Jina la baba, jina la mtoto, mahali, tarehe, vitu vile ni nini, na nani aliyetenda. Hakuna hata kivumishi kimoja cha kulaani, na hakihitajiki. Lakini ukiondoa kimojawapo cha vipengele hivyo, picha inabadilika. Ukiondoa jina la kampuni, inakuwa picha ya ukatili wa "Waafrika wao kwa wao", na ndivyo watetezi wa Leopold walivyopenda isomwe. Ukiondoa majina ya Nsala na Boali, inakuwa mfano wa mateso kwa jumla, na watu wawili waliokuwa na maisha yao wanageuka kuwa vielelezo. Mwaka 1905 mwandishi Mmarekani Mark Twain, katika kijitabu cha kumdhihaki Leopold, alimfanya mfalme huyo alalamike kwamba kamera ya Kodak ndiyo shahidi pekee aliyeshindwa kumhonga. Sifa hiyo ni ya kweli nusu. Picha za Harris zilipoonyeshwa Uingereza na Marekani kwa taa ya kuangaza picha ukutani, zilionyeshwa katika mihadhara, yaani palikuwa na mtu amesimama kando akieleza kila picha imetoka wapi na ni ya nani. Chama cha kutetea mageuzi ya Kongo, kilichoanzishwa mwaka 1904 na E. D. Morel na wenzake, kilizichapisha pamoja na barua, taarifa na majina ya vijiji. Serikali ya Ubelgiji ilipomnyang'anya Leopold nchi ile mwaka 1908, kazi hiyo ilikuwa imefanywa na picha na maneno kwa pamoja, na sioni namna ambayo picha peke yake ingeifanya.

Hata hivyo maelezo si lazima yawe yameandikwa. Wakati mwingine yamo tayari kichwani mwa mtazamaji. Chukua picha ya Mwalimu Nyerere akimimina udongo, Aprili 1964. Mtanzania aliyepita shule ya msingi haihitaji hata herufi moja chini yake: anajua ni udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar, anajua ni Muungano, na pengine anakumbuka ukurasa wa kitabu alikoiona mara ya kwanza. Mgeni kutoka Peru ataona mwanamume akimimina mchanga chunguni huku vijana wakimsaidia, na akiwa mwenye heshima atadhani ni shughuli ya kilimo. Ni picha ileile, na tofauti yote imo ndani ya watazamaji. Ndiyo maana picha ya harusi iliyotundikwa sebuleni haina maelezo na haijawahi kuyahitaji: bibi yupo, shangazi yupo, na mtoto akiuliza "huyu nani?" anajibiwa papo hapo. Familia yenyewe ndiyo maelezo.

Jambo hili, kwa maoni yangu, ndilo linalosahauliwa zaidi na waandaaji wa maonyesho ya aina yenu. Mnapoitoa picha sebuleni mwa mtu na kuitundika katika ukumbi wa shule, mmeitenga na watu waliokuwa wakiisemea, na wajibu wa kuisemea umehamia kwenu. Kwa hiyo msipokee picha bila kukaa na aliyeileta. Muulizeni ni nani hawa, wa kwanza kushoto ni nani, ilipigwa kwa shughuli gani, nani aliipiga, nani aliyeitunza na kwa nini aliitunza. Mwacheni aseme kwa lugha yake, mwandike kama alivyosema, na mweke jina la msemaji na tarehe ya mazungumzo, iwapo ameridhia. Wazee wa miaka themanini hawatakuwapo maonyesho yajayo.

Maana ya picha hubadilika pia kulingana na aliyeishika, hata kama taarifa zake zote zinajulikana na hazina ubishi. Picha ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau waliopinga ukoloni wa Waingereza Kenya, baada ya kukamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956 inamwonyesha amelala, nywele zake ndefu zimesokotana, mikono imefungwa pingu. Serikali ya kikoloni ya Kenya iliisambaza kama tangazo la ushindi, ili waliobaki msituni na waliokuwa wakiwalisha wajue kwamba mambo yamekwisha. Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Nusu karne baadaye, serikali ya Kenya huru ikiwa imekwisha kuondoa mwaka 2003 marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau, ilizinduliwa sanamu yake mjini Nairobi, na picha ileile ya mtu aliyefungwa imekuwa ikichapishwa kwenye fulana kama picha ya shujaa. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa ndani ya fremu. Kwa sababu hiyo mimi husisitiza kwamba maelezo yataje, pale inapojulikana, nani alipiga picha, kwa ajili ya nani, na ilitumiwaje kwanza. Taarifa hizo tatu humwezesha mtazamaji kujua kwamba amesimama mahali aliposimama mtu mwenye nia fulani, jambo ambalo jicho peke yake haliwezi kulitambua.

Sasa nimwelekee Mwalimu mwenyewe, kwa maana wewe uliyesema unaona kinyume cha mwenzako unaweza kuingia katika hatari iliyo kubwa zaidi: kuyaamini maelezo kuliko picha. Sehemu inayodanganya mara nyingi ni maneno yaliyo chini. Mwezi Machi 1936, huko Nipomo, California, Dorothea Lange, aliyekuwa akifanya kazi kwa ajili ya wakala wa serikali ya Marekani wa kuwasaidia wakulima waliofukarika, alimpiga picha mama aliyekaa chini ya turubai, watoto wake wamejificha mabegani mwake. Maelezo ya awali yalisema ni wavunaji wa njegere walio fukara, mama wa watoto saba, umri miaka thelathini na miwili. Jina halikutajwa, Lange mwenyewe aliandika baadaye kwamba hakumuuliza jina wala historia yake, na akaongeza kwamba familia ilikuwa imeuza matairi ya gari ili ipate chakula. Kwa zaidi ya miaka arobaini picha ile ilizunguka dunia kama sura ya ufukara wa Marekani. Mwaka 1978 ndipo ilipofahamika hadharani kwamba mama yule alikuwa Florence Owens Thompson, mzaliwa wa jamii ya Wacherokee, mkazi wa Modesto katika jimbo hilohilo, ambaye hakuwahi kupata hata senti kutokana na picha hiyo na hakufurahishwa nayo. Wanawe walikanusha habari ya matairi: gari lilikuwa limeharibika, nao walikuwa njiani wakisubiri litengenezwe.

Je, picha ya Lange ilikuwa ya uongo? Hapana. Uso ule ulikuwa uso wake, na shida ilikuwa shida. Lakini kila aliyeisoma kama picha ya mkulima wa kizungu aliyefukuzwa na ukame alikuwa akisoma kitu ambacho hakimo, na maelezo rasmi yalimsaidia kufanya hivyo kwa kunyamaza pale yalipopaswa kusema. Mpigapicha anajua alisimama wapi na lini alibonyeza kitufe. Kuhusu maisha ya aliyepigwa, ushahidi wake si bora kuliko wa mpita njia mwingine, na mara nyingi wa mhusika na wa wanawe una nguvu zaidi. Kwa hiyo mnapoandika, tenganisheni mnachokiona ndani ya picha, mnachokijua kwa ushahidi wa nje, na mnachoambiwa, na mtaje kimesemwa na nani. Hakuna ubaya kuandika "mjukuu wake anasema". Ubaya ni kuandika maneno ya mjukuu kana kwamba yametoka ndani ya picha.

Hapo ndipo tunapofika kwenye picha yenu ya mnyororo. Maandishi yale ya nyuma ni hati yenye historia yake, tofauti na historia ya picha, na yanastahili kuchunguzwa kama hati. Anzeni na wino. Utawala wa Wajerumani mjini Tanga ulikoma Julai 1916 Waingereza walipouteka mji, ilhali kalamu za bolpeni zilienea baada ya Vita Kuu ya Pili. Ikiwa maneno yameandikwa kwa bolpeni na picha ni ya wakati wa Wajerumani, aliyeandika aliandika si chini ya miaka thelathini baadaye, na huenda alikuwa anakisia kama sisi. Kisha muulizeni aliyeileta: iliingiaje katika familia? Ilikuwa kadi ya posta iliyonunuliwa dukani, au ni picha ya mtu wao?

Halafu itazameni picha yenyewe kwa kioo cha kukuzia. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, Waafrika waliohukumiwa vifungo walifungwa kwa kawaida mnyororo wa shingo kwa safu na kufanyishwa kazi za hadharani: kutengeneza barabara, kuchota maji, kubeba mizigo. Wajerumani hawakuona haya kuwapiga picha, na baadhi ya picha hizo ziliuzwa kama kadi za posta. Pakiwa na askari mwenye sare na bunduki pembeni, pakiwa na majembe, ndoo au toroli, pakionekana ukuta wa boma au njia ya reli, ile iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, basi uwezekano kwamba hawa ni wafungwa wa serikali ni mkubwa. Linganisheni na mikusanyo inayopatikana mtandaoni, hasa ule wa picha za kikoloni ulioko maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, na ule wa Winterton wa picha za Afrika Mashariki ulioko Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Mara nyingi picha iliyoko kwenye droo ya mtu Tanga ni nakala ya picha iliyohifadhiwa huko ikiwa na tarehe na jina la mpigapicha, ingawa maelezo ya huko nayo yaliandikwa na mtu mwenye upande wake, na yasomwe hivyo.

Nasema haya bila kumaanisha kwamba utumwa haukuwapo. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria Unguja na Pemba hadi 1897, na bara, Wajerumani hawakuufuta kabisa. Ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Kwa hiyo mlango wa tafsiri zote mbili uko wazi mpaka ushahidi uufunge mmoja. Uzito wa jambo hili unatokana na kwamba neno moja lile la nyuma linaamua nani anashtakiwa. Ukiandika "watumwa", macho ya watazamaji yatawaelekea wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili. Ukiandika "wafungwa", yataielekea serikali ya Kijerumani. Katika mji ambao wajukuu wa pande zote wanaishi mtaa mmoja na watoto wao wanakaa dawati moja katika shule yenu, hilo si jambo la kuachiwa kalamu ya mtu asiyejulikana.

Makosa ya namna hii ni ya kawaida kuliko watu wanavyofikiri. Ipo picha ya mwaka 1868 ya watu waliookolewa kutoka kwenye jahazi la watumwa na kupandishwa kwenye sitaha ya Daphne, meli ya kivita ya Uingereza iliyokuwa ikifanya doria katika bahari yetu hii. Leo picha hiyo husambazwa mara kwa mara kama picha ya watumwa wakivushwa Atlantiki kwenda Amerika. Wanaoisambaza hawana nia mbaya, wanataka tu uso wa kuambatanisha na msiba wa kweli. Lakini upigaji picha ulitangazwa kwa ulimwengu mwaka 1839, na sehemu kubwa kabisa ya biashara ile ya Atlantiki ilikuwa imekwisha kupita kabla kamera haijaweza kufanya kazi juu ya sitaha. Matokeo yake ni kwamba watu wa huku kwetu, waliosimama mbele ya kamera katika Bahari ya Hindi, wamenyang'anywa historia yao ili kujaza pengo katika historia ya wengine.

Mimi ningeandika hivi chini ya picha yenu: "Wanaume waliofungwa mnyororo shingoni. Mahali na tarehe havijathibitishwa. Nyuma ya picha mtu asiyejulikana aliandika 'Watumwa, Tanga'. Picha nyingi za namna hii zilipigwa wakati wa utawala wa Wajerumani zikionyesha wafungwa waliofanyishwa kazi za serikali. Ushahidi uliopo haujaamua hawa walikuwa akina nani." Mkipata sare ya askari au nakala iliyoko Frankfurt, mtaongeza sentensi moja na kuondoa nyingine. Msiikuze picha hiyo kuwa bango la mlangoni. Watu hao hawakuombwa ruhusa ya kupigwa, na kuwafanya chambo cha kuvutia wageni ni kuendeleza kazi ya yule aliyewauza kwenye kadi ya posta.

Picha za studio zinahitaji maelezo ya aina nyingine, ambayo mara nyingi hayafikiriwi: jinsi studio ilivyofanya kazi. Huko Bamako, nchini Mali, Seydou Keïta alifungua studio mwaka 1948, na wateja wake walipigwa wakiwa na redio, saa, kalamu mfukoni, pikipiki, hata gari. Vingi kati ya vitu hivyo vilikuwa vya studio. Anayezitazama bila kulijua hilo atahitimisha kwamba Bamako ya wakati ule ilijaa matajiri, ilhali zinachoonyesha kwa hakika ni namna watu walivyotaka waonekane, jambo ambalo kwa mwanahistoria lina thamani isiyopungua ile ya kujua walimiliki nini. Picha kadhaa za Keïta ziliwekwa katika maonyesho New York mwaka 1991 zikiwa na maelezo kwamba mpigapicha hajulikani, wakati mwenyewe alikuwa hai kabisa mjini Bamako na mtaa mzima unamjua. Majina ya wengi waliopigwa hayakuandikwa popote, na hadi leo kila picha yao huitwa tu "isiyo na jina".

Pwani yetu ilikuwa na utaratibu unaofanana na huo. Wapigapicha wenye asili ya Goa, kama A. C. Gomes na ndugu Coutinho, walifanya kazi Zanzibar tangu karne ya 19. Capital Art Studio ilifunguliwa Mji Mkongwe mwaka 1930. Na kila mji wa bandari ulikuwa na studio zake zenye pazia lililochorwa, kiti cha kusuka na maua ya karatasi. Geuzeni kila picha mtafute mhuri, kwa sababu mhuri wa studio wenye anwani unaweza kupunguza makisio ya tarehe kutoka miaka hamsini hadi kumi. Kanga nayo husaidia, ikiwa jina lake linasomeka na mpo na bibi anayekumbuka lilitoka lini. Kadi za posta za wakati wa ukoloni zisomeni kwa uangalifu zaidi, maana wachapishaji walikuwa na mazoea ya kuandika chini ya uso wa mtu mwenye jina maneno kama "mwanamke wa Kiswahili" au "mrembo wa Zanzibar", wakamgeuza kuwa sampuli ya kabila. Maneno hayo yakiwa yamechapwa kwenye kadi yanukuuni kama sehemu ya kadi. Yasiwe maelezo yenu.

Kuhusu mahali pa maneno, hapa ndipo mtakapopatana na mwenzako. Ukutani wekeni namba na mstari mmoja au miwili, kwa herufi ambazo mzee atazisoma bila kuinama: nani, wapi, lini, nani alipiga, na kama hakuna jibu, semeni halijulikani. Habari ndefu ziwe katika kijitabu kitakachofuata namba hizo, ili anayetaka kutazama atazame na anayetaka kusoma akae chini asome. Picha kama ile ya mnyororo ndiyo peke yake ninayoona istahili aya kamili ukutani, kwa sababu mtu akiipita bila kusoma ataondoka na jambo ambalo hamna ushahidi nalo. Picha za mkonge ziko katikati: ukitaja shamba na mwaka umetosheleza, isipokuwa kama mnaitumia picha kuzungumzia hali ya manamba, yaani vibarua wa mkataba wa mashamba hayo, na hapo mnarudi kwenye kanuni ya uzito wa dai. Na zipo picha ambazo mwenzako anaweza kuachiwa kabisa. Chagueni chache ambazo hamdai lolote kwazo, uso mzuri, mwanga mzuri, mziweke pamoja upande mmoja wa ukumbi zikiwa na namba tu.

La mwisho linahusu utunzaji, kwa kuwa maelezo yanayopotea huwa yanapotea mikononi mwa watu wema. Msiandike kwa kalamu ya wino nyuma ya picha. Tumieni penseli laini, mkandamize kidogo, mwandike namba pekee, na maelezo yenyewe yaingie kwenye daftari. Mkiskani, jina la faili libebe namba ileile. Mkitumiana picha kwa WhatsApp, zitumeni kama faili la dokumenti, kwa sababu zikitumwa kama picha za kawaida programu huzipunguza ubora na huondoa taarifa zilizofungwa ndani ya faili, ikiwemo tarehe na maelezo mliyoyaingiza wenyewe. Mwekeni mwanafunzi mmoja mlangoni kila siku akiwa na daftari hilo, aandike kila anachosema mgeni anayemtambua mtu, pamoja na namba ya picha na jina la aliyesema, na kabla ya kurudisha picha kwa wenyewe, kila familia ipewe nakala ya yaliyoandikwa kuhusu picha zake.